Karai la Pimbi Halirudi Tupu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga kwenye maghorofa na kununiana ngazini, Pimbi alikaa juu kabisa, chini ya paa la zege. Katikati alikaa Nyati. Chini walikaa Kiboko na mkewe, na kiwanja cha nyuma, chenye udongo mweusi wa rutuba, kilikuwa chao.

Pimbi alikuwa na watoto na kopo moja la kunde. Basi, hana kingine. Akalitazama lile paa tupu linavyopigwa jua, akaona kama angepata udongo, kunde zile zingezaa na wanawe wasingelala njaa. Akashuka.

"Hodi, Bwana Kiboko! Naomba udongo kidogo nipande mboga juu."

"Juu ya paa? Kha-kha-kha! Si upande mawinguni kabisa!" Kiboko akacheka mpaka mashavu yakapiga pwata, pwata. "Udongo wangu hautoki hapa, hata wa kuzibia tundu la sisimizi."

Pimbi akamwendea Nyati, ambaye samadi imejaa kibarazani kwake mpaka majirani wanakula wamebana pua. Akaomba samadi. Nyati akainamisha pembe: "Pita huko!"

Pimbi akapanda ngazi. Hakulia. Akamimina nusu ya zile kunde, akazipika kwa nazi.

"Mama, tunakula?"

"Hamli. Ni za Kiboko na Nyati."

Watoto wakaangua kilio, waaa! Akawaacha walie. Akachukua makarai mawili makubwa, yale ya mafundi wa zege, kila moja akatia upawa mmoja tu chini kabisa, akafunika kawa, akashuka nayo.

"Jirani, nimepika nikakukumbuka."

Kiboko akafunua. "Karai lote hili, kunde ndo hizi?"

"Sahani zangu zimevunjika, jirani. Wewe nirudishie chombo tu."

Glup! Kunde zikaisha. Kwa Nyati vilevile.

Sasa wajukuu, mnajua wenyewe, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu, utasemwa hata na wasiokujua. Kesho yake Pimbi akajibanza ngazini, akasikiliza kwa Kiboko.

"Turudishe na nini?" Bi Kiboko anauliza. "Unga umekula. Ndizi umekula. Hata kopo la sukari umelilamba."

"Lirudi hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo? Mume wangu, unataka nipite njiani nimejifunika kanga usoni?"

Pimbi akakimbia kwa Nyati, akamkuta mlangoni ameshika karai tupu, anaona haya. Akapaza sauti jengo zima lisikie: "Ahsante, Bwana Nyati! Wewe ndiye mtu wa watu! Hata samadi kwangu ni kitu!"

Nyati hajatoa hata chembe. Lakini kashasifiwa, afanyeje? Akarudi ndani, akalijaza, vua! vua!

"Umesikia?" Bi Kiboko akapiga kelele kule chini. "Nyati karudisha la kwake limejaa! Na sisi tuna kiwanja kizima!"

Kiboko akatafuta jembe. Karai lililojaa Pimbi asingeliweza, basi akalipandisha mwenyewe, ndi! ndi! ndi!

"Limejaa... kuliko la Nyati?" akauliza, anahema.

"Mh," Pimbi akasema. "La Nyati lilikuwa na kilima."

Kiboko akashuka kuongeza.

Ikawa ndiyo kazi. Leo kijiko cha kunde, kesho nusu kijiko, na makarai yanapanda. Zile kunde zilizobaki zikaingia udongoni, zikatambaa kwenye kamba za kuanikia nguo. Mchicha ukajiotea wenyewe kwenye samadi. Watoto wakashiba, wakaanza kupigana, ndiyo dalili ya shibe.

Siku moja Kiboko akaenda kujilaza kiwanjani kwake, akatumbukia shimoni, gubu! Alipoinua macho akaona majani yananing'inia kule juu. Akapanda mbio.

"Mwizi! Huu udongo wangu!"

"Wako, jirani, nani kabisha? Si uliuleta mwenyewe na jasho likikutoka? Chukua."

"Nachukua!"

Sauti ya Bi Kiboko ikapanda kutoka chini: "We baba! Umeona wapi mtu akadai alichorudishia chombo cha watu? Shuka! Unaniaibisha mimi na ukoo wangu!"

Pimbi wala hakumcheka. Akachuma mchicha, fungu moja, akalidumbukiza ndani ya pipa kubwa, akamsogezea.

"Mpelekee Bibi."

"Mboga kwenye pipa?"

"Makarai yote yana miche, jirani."

Kiboko akalitazama lile pipa. Alishaelewa. "Sina cha kurudishia," akasema kwa sauti ndogo. "Udongo wenyewe umekwisha."

"Hata maji tu," Pimbi akamwambia. "Si unaona jua lenyewe?"

Kesho yake asubuhi majirani wakasikia ngazi zinalia tena, ndi! ndi! ndi!, na maji yanamwagika, chubwi!

Anayeogopa kusemwa kuliko kupoteza, mwerevu humtuma bila ujira.