Gari la Kiboko Mlimani Kataroho

Wenye masikio?
— Tupo!
Nimwage?
— Mwaga, tukinge!
Na ikiwa chungu?
— Tutameza!

Basi mezeni. Palikuwa na Pimbi, mfupi wa miguu, mrefu wa mawazo, akikaa pangoni na mama yake mgonjwa. Mwaka huo mvua iliwasusa. Kila asubuhi Pimbi aliupanda mlima Kataroho, akateremka upande wa pili, akachimba magadi, akarudi. Akienda, tipu-tipu-tipu. Akirudi, tipu-tipu-tipu. Akifika, mama keshalala. Akiondoka, mama hajaamka. Ikawa anamjua mama yake kwa kikohozi tu. Na aliogopa, jamani, aliogopa kwamba kuna siku atafika asikisikie.

Chini bwawani alikaa Kiboko, mwenye gari la umeme. Gari lile halikunguruma. Lilisema ziii, kama mbu aliyesoma. Sola za kulichajia zilikuwa hukohuko bwawani kwake. Siku moja Kiboko akaja pangoni, tindi! tindi! tindi!

"Pimbi mwanangu, miguu inakuisha. Chukua gari, nipe pango."

Si pango alilolitaka. Ndani mlikuwa na chemchemi, ndogo kama jicho, na bwawa la Kiboko lilikuwa limebaki tope.

"Mzee Kiboko, safari yangu ndefu. Linafika?"

"Linafika na kurudi, na hamu linabaki nayo!"

Pimbi akawaza. Kwa gari angerudi mapema, amkute mama macho. Lakini pango likienda, mama atamlaza wapi? Halafu kulikuwa na habari za Digidigi. Kanga, ambaye siri kwake hailali, alikwisha kuzitapakaza: Digidigi alitoa shamba lake la majani kwa gari hilohilo. Kiboko akampa likiwa na chaji ya kudanganyia. Likamfia mlimani, naye akashuka kutafuta msaada. Sasa, desturi ya kule ni moja: mwenye gari akiliacha njiani akaenda zake, ni la atakayelikuta. Na nani alikuwa anakuja nyuma polepole? Kiboko! Shamba lake, gari lake. Digidigi hadi leo analala kwenye miiba ya watu.

"Nimekubali, mzee," akasema Pimbi. "Ila tulijaribu kwanza kwa safari yangu. Wewe uendeshe, mimi hata pa kushika sipajui. Tukifika magadini, pango lako."

Kiboko akacheka, hoo hoo hoo! Akalichaji gari mpaka likajaa, maana likijaa linafika kweli.

Asubuhi Pimbi akaja na matikiti ya porini.

"Ya njiani, mzee. Na haya?"

"Pakia!"

"Na yale?"

"Pakia! Nimwachie nani?"

Kiboko mwenyewe akapanda. Gari likainama, nyiii!

Wakaondoka. Ziii. Jua likapanda nao.

"Mzee, ngozi yako inakauka. Niongeze kiyoyozi?"

"Ongeza!"

"Linafika?"

"Linafika na kurudi, na hamu linabaki nayo!" Akatafuna tikiti, kacha! kacha!

Wakapanda. Ziii.

"Mzee, ngozi inapasuka. Niongeze?"

"Ongeza!"

"Linafika?"

"Linafika na kurudi."

Wakapanda. Zii.

"Mzee, niongeze?"

"Ongeza."

"Linafika?"

"Linafika."

Zii... zi... z. Kimya. Kiyoyozi nacho kikakata roho.

Jua la mchana likaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Kiboko akaanza kutoka lile jasho lao jekundu.

"Pimbi, nakufa. Maji yako wapi?"

"Nyuma ya jabali lile pana dimbwi, mzee. Wewe nenda, mimi nakaa hapahapa."

Dimbwi lilikuwapo kweli, mwaka wa mvua. Kiboko akashuka, akaenda, tindi... tindi... Mwenye gari akaliacha njiani. Pimbi akalikuta. Alikuwa hata hajatoka.

Akatupa matikiti, tupu! tupu! Akazima kiyoyozi. Akaliachia gari lirudi kinyumenyume, akakata usukani, pua ikatazama nyumbani. Kila lilivyoteremka, chaji ilirudi tone kwa tone. Ndivyo yalivyo magari hayo, kwa mwepesi. Nyuma akasikia, "Pimbiii!" Kisha tena, kwa sauti ndogo zaidi. Hakutazama kioo.

Akamkuta mama macho.

"Mbona mapema? Wamekufukuza magadini?"

"Nimepata gari, mama."

"La Kiboko? Mwenyewe yuko wapi?"

"Kabaki mlimani. Kaenda kutafuta maji."

Mama akakohoa.

"Naye ana mama yake, mle topeni, hainuki. Aliwahi kuja hapa kumwombea maji."

"Ukampa?"

"Nilimwambia haya ni ya mgonjwa."

Kesho yake Pimbi alikwenda magadini akarudi, jua lingali juu na chaji ikabaki. Ndivyo anavyokwenda hadi leo, na kila jioni anamkuta mama yake macho. Ila gari sharti lichajiwe, na sola ziko bwawani. Kila akifika, ziii, sauti ya kizee huuliza kutoka topeni:

"Mwanangu, umerudi?"

Pimbi humwekea kibuyu cha maji karibu na mdomo.

"Bado, bibi."

Funzo lake, wanangu, ni hili: gari la umeme halifai safari ndefu. Kamuulizeni Kiboko, mkimwona.

Nimeitua. Mwenye bega?
— Aibebe!
Nzito?
— Nzito!
Basi zimeni kiyoyozi, mtafika.