Jiwe Hushika Zamu

Jiwe hushika zamu, haliitiki jina. Jana mlimsikia Bi Tausi akilisema neno hilo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza jiwe na jina vinahusiana nini. Methali hii haikutoka mbali, wala si ya kale sana. Ilianza hivi.

Katika mji mmoja wa mpakani alikuwepo mama wa Kirundi, Spesioza Nizigama. Aliolewa upande huu wa mto, akazaa watoto watatu, mumewe akafariki. Aliuza mihogo ya kuchemsha gulioni, na mji mzima ulimwita Mama Mihogo. Mama yake mzazi aliishi ng'ambo, mwendo wa nusu siku kwa miguu, lakini Spesioza hakuweza kwenda kumwona. Hakuwa na kibali cha ukaazi. Akivuka bila kibali, huenda asiruhusiwe kurudi kwa wanawe. Kwa hiyo aliomba kibali, akaambiwa asubiri.

Alisubiri miaka minne. Nasema wazi: hakuna karatasi moja inayostahili miaka minne. Nyumba ya matofali ya kuchoma hujengwa, ikaezekwa na kuhamiwa kwa muda mfupi kuliko huo. Mara waombaji waliambiwa picha zimefifia, wapige nyingine. Mara fomu zimebadilika, waanze upya. Siku nyingi waliambiwa maneno matatu tu: "Faili liko juu." Kulikuwa na kinyozi mmoja Mbembe kutoka Kongo, aliyesubiri kuliko wote, watu wakimwita Mzee Wembe. Yeye kila aliposikia hivyo aliuliza, "Juu wapi? Darini? Basi nileteeni ngazi."

Majina ya waliopata yalisomwa kila Alhamisi asubuhi, uani pa ofisi ya uhamiaji. Karani alitoka barazani na orodha, akaita kila jina mara tatu. Asiyeitika, kibali chake kilirudishwa mkoani pamoja na faili, na kukipata tena ilikuwa kazi ya miezi. Shida ni kwamba Alhamisi ndiyo siku ya gulio. Sasa watu wafanyeje? Wakaacha riziki wakakae uani kusikiliza majina ya wenzao? Wakafanya kama wafanyavyo bombani. Kila mtu alifika alfajiri, akaweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda zake kutafuta. Karani alizoea kutoka saa nne. Kabla ya saa nne walirudi, kila mmoja akasimama penye jiwe lake. Hakuna aliyethubutu kusogeza jiwe la mwenzake.

Mwaka huo wa nne wachuuzi wa maharage walimletea Spesioza salamu kutoka ng'ambo. "Mama yako macho yanazima," wakamwambia. "Anasema uje angali anaona."

Alhamisi iliyofuata karani alikuwa akingoja wageni kutoka mkoani, akatoka saa mbili. Uani palikuwa na mawe thelathini na watu tisa. Akaita, "Nizigama Spesioza!" Wale tisa wakatazamana. Akaita tena, na tena. Akaibandika orodha ukutani, majina yasiyoitikiwa yamepigwa mstari mwekundu, akaingia ndani.

Spesioza alifika na beseni lake kichwani, akaisoma ile orodha. Alikimbilia dirishani.

"Afande, huyu ni mimi! Nilikuwepo tangu alfajiri. Jiwe langu lile pale!"

"Nimekuita mara tatu, mama," karani akajibu bila kuinua uso. "Jiwe lako limeitika?"

Spesioza alirudi kwenye mstari. Alilichukua lile jiwe akalitupa mtaroni, kisha akawageukia wenzake.

"Nyinyi mlikuwepo! Miaka minne tunasimama bega kwa bega, mkakosa hata mmoja wa kufungua mdomo?"

"Mama Mihogo, usitutukane," akasema Mzee Wembe. "Tumesikia anaitwa Spesioza. Sisi Spesioza tunamjua wapi? Tunakujua wewe."

"Ndiye mimi!"

"Haya. Na mimi kwenye fomu naitwa nani?"

Spesioza hakulijua.

"Asukulu Wilondja," akasema mzee. "Nisingepata mtu wa kuniitikia, nami."

Siku hiyo hawakutawanyika mapema. Kila mtu alilitaja jina lake kama lilivyoandikwa kwenye fomu, wengine wakilirudia mpaka likakaa. Wakapangana: kila Alhamisi watu kumi wanabaki kusikiliza, wengine wanakwenda gulioni, na wiki ijayo wanabadilishana. Mzee Wembe hakujua kusoma, lakini baada ya mwezi aliyasema majina yote thelathini huku akimnyoa mtu, hakosei jina wala hamkati mtu.

Ikapita miezi mitano. Spesioza alikuwa gulioni karani aliposoma, "Nizigama Spesioza!"

"Yupo!" wakaitika watu kumi kwa pamoja.

Karani akashusha karatasi. "Nyote kumi mnaitwa Spesioza?"

"Hapana, afande," akasema Mzee Wembe. "Ni mmoja. Yuko gulioni, na mtu ameshakimbia kumwita."

"Mimi simsubiri mtu."

"Afande, yeye amekusubiri miaka minne na miezi mitano. Wewe msubiri dakika tano tu."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Karani alitazama saa yake. Alimtazama mzee. Kisha akasoma majina mengine, polepole kuliko siku zote, na alipoyamaliza hakuingia ndani. Alisimama pale barazani mpaka Spesioza akaja mbio, mikono imejaa maji ya mihogo, akaambiwa ajifute kwanza ndipo atie sahihi.

Kesho yake alivuka mto, kibali kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Alimkuta mama yake mlangoni anachambua maharage kwa kupapasa. Bibi kizee aliinua uso, akakunja macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

Spesioza alikaa wiki mbili, akarudi kwa wanawe bila kuzuiwa na mtu. Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi, alfajiri, walimwona anaingia uani pa ofisi na kukaa chini kwenye mstari. Mzee Wembe akashangaa.

"Mama Mihogo, si umeshapata? Umefuata nini tena?"

"Leo kanyoe watu gulioni, Asukulu Wilondja," akamjibu. "Nimekuja kusikiliza."

Naye aliitikia jina la mzee yule kabla mwaka haujaisha.

Basi mkiona mwenzenu anasubiri jambo lake, msimwambie tu avumilie. Muulizeni jina lake, mkae naye. Jiwe hushika zamu, haliitiki jina.