Ruzuna na Mlango wa Bwana Mundhiri

Katika zama ambazo majini walikuwa bado hawajatuchoka wanadamu, mji wa Rasi Kafuri ulitawaliwa na Sultani Nasibu bin Fakhari, mpole wa sauti na mkali wa hukumu, ambaye kila Alhamisi asubuhi aliketi barazani pake na kusikiliza mashtaka ya wakubwa na wadogo, na hapakuwa na bawabu aliyethubutu kumrudisha mwenye shida. Na katika mji huo alikuwako tajiri mmoja, Mundhiri bin Ghanimu, mfanyabiashara wa udi na ambari, ambaye akipita njiani harufu yake hutangulia na salamu za watu huifuata. Na nyuma ya bustani yake alikuwa na nyumba ya pili isiyotajwa, na ndani yake aliishi mwanamke aitwaye Ruzuna.

Ruzuna hakuwa mke, wala hakuwa mtumwa. Alikuwa binti wa mchimba visima, mwenye macho ya kungu na vidole hodari kwa kudarizi, na Mundhiri alipomwona mara ya kwanza alimwambia, "Nitakuoa mfungo ukiisha," na akalirudia neno hilo mlangoni siku alipomwingiza nyumba ile. Mfungo ukaisha, na wa pili ukaisha, na wa saba ukaisha, na kila alipokumbushwa alijibu, "Subiri, mpenzi wangu. Mambo ya wakubwa hayapikwi kwa moto wa makuti." Na katika miaka hiyo Ruzuna alimzalia binti, Lulua, ambaye alifundishwa kumwita baba yake Bwana Mkubwa, na akazoea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ajabu. Masinia yalijaa pilau bila ya mpishi, birika za maji ya moto hazikupoa, na taa ziliwaka zenyewe jua likichwa. Kwani babu yake Mundhiri alimfunga jini ndani ya mlango wa mbele, katika mnyororo uliochongwa kuizunguka miimo yake, akamwapisha amtumikie mwenye nyumba, na asimfungukie mtu ila kwa idhini yake. Hayo Ruzuna hakuyajua. Alijua tu kwamba mlango ule ulimtii Bwana, na kwamba pilau ya aibu haishibishi. Kwani alipokwenda sokoni kwa ruhusa, wanawake walikusanya kanga zao kama wanaopita penye tope, wakanong'ona, "Kimada wa Mundhiri huyo." Na mama yake alipofariki, habari za msiba alizipata kwa muuza maji, na alipofika matangani majirani waliinuka mkekani mmoja mmoja, hata akabaki peke yake kama mgonjwa wa ndui.

Na kwa kuwa moyo haukosi kutafuta pa kujitua, akawa anautunza ule mlango. Kila asubuhi aliupaka mafuta ya nazi, akaisugua misumari yake ya shaba kwa ndimu, na alipoufunga aliufunga polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Ikawa Jumanne moja, baada ya sala ya alasiri, Mundhiri akaja, na asiketi.

"Ruzuna," alisema, "Waziri amenikubalia binti yake. Keshokutwa nitaapa mbele ya Sultani kwamba sina mwanamke mwingine. Ijumaa watakuja watu na punda wakupeleke shambani kwangu, safari ya siku tisa. Chakula hutakosa."

"Na Lulua?"

"Lulua atabaki. Ataingia nyumba kubwa, nasi tutasema ni yatima niliyemwokota."

"Yatima! Baba yake amesimama mbele yangu, na mimi mama yake ni mzima!"

"Punguza sauti, majirani wasisikie."

"Miaka saba napunguza sauti, Bwana. Imekuwa nyembamba hata mwenyewe siisikii."

Mundhiri akatazama chini, kwani hakuwa mtu asiye na haya kabisa, ila haya yake ilishindwa na tamaa yake. Akatoka, akauambia mlango, "Usimfungukie," na mlango ukajifunga.

Kesho yake asubuhi Ruzuna aliusukuma mlango hata viganja vikamwuma, kisha akauegemezea paji la uso na kulia. Hapo akasikia sauti nzito ikitoka ndani ya mbao.

"Usilie, ewe binti wa mchimba visima."

Ruzuna akaruka, akamkumbatia Lulua. "A'udhubillahi! Nani wewe?"

"Mimi ni Barakuni, jini wa milimani, na huu ni mwaka wa mia na ishirini nimo humu. Watu hunibamiza, hunipiga mateke, hunigonga kwa bakora. Wewe peke yako ulinifunga polepole."

"Basi nifungukie leo, kwa jina la aliyetuumba sote!"

"Siwezi. Niliapa nisifunguke bila ya idhini ya mwenye nyumba, na jini akivunja kiapo huwa majivu." Bawaba zake zikalia kidogo. "Lakini sikuapa nising'olewe."

Ruzuna akafuta machozi, akaenda dirishani penye nondo, na akaketi hapo akitazama njia hata akamwona akipita fundi wa milango, jina lake Hilali, mtu mrefu wa maneno machache aliyebeba kapu la vyombo vyake. Akamwita, "Fundi! Ning'olee mlango huu, uupeleke kesho barazani kwa Sultani."

Hilali akacheka. "Mlango wa Bwana Mundhiri? Bibi, kichwa changu bado nakihitaji."

"Fundi Hilali," mlango ukasema, "bawaba zangu zimeliwa na kutu. Anza na ya chini."

Hilali akaanguka chali, patasi zake zikatapakaa njiani. Alipopata pumzi akajikung'uta vumbi. "Miaka ishirini natengeneza milango," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mlango kunifundisha kazi." Kisha akauliza kuna nini, na Ruzuna akamweleza yote bila ya kujipamba. Fundi akamtazama Lulua, aliyekuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, akasema, "Mimi nilizika mke na mtoto katika wiki moja. Mtoto mwenye mama haitwi yatima. Nitakuja kesho asubuhi na wachukuzi. Lakini Bibi, ukishatoka, mbona usikimbie?"

"Nikikimbia nitakuwa mwizi wa mwanangu mwenyewe. Nataka nitoke mchana, watu wakiniona."

Basi Alhamisi asubuhi mji wa Rasi Kafuri uliona jambo ambalo haukupata kuliona: mlango mzima na miimo yake ukipita sokoni juu ya mabega ya wachukuzi wanane, na nyuma yake mwanamke anatembea kichwa juu, amemshika binti yake mkono. Watu wakaacha mizani zao na kufuata.

Barazani Mundhiri alikuwa amesimama karibu na Waziri, tayari kwa kiapo, na Kadhi ameketi na kalamu yake kando ya Sultani. Ruzuna akapiga magoti. "Maulana, Mola akupe umri mrefu. Mtu huyu aliniahidi ndoa na akanificha miaka saba katika nyumba iliyo nyuma ya bustani yake, na huu ndio mlango wake, na sasa ataka kuninyang'anya mtoto na kumwita yatima hali yeye ndiye baba."

Sultani akageuka. "Mundhiri, mwanamke huyu unamjua?"

"Simjui, Maulana."

"Na mtoto?"

Mundhiri akamwepuka mtoto kwa macho. "Simjui."

"Na nyumba iliyo nyuma ya bustani yako, na mlango huu?"

Mundhiri akamtazama Waziri, na Waziri akamtazama yeye, na ulimi ukateleza pale ulipokwisha kuanza kuteleza. "Wallahi, nyumba ile si yangu, na mlango huu si wangu."

Hapo mnyororo uliochongwa ukaanza kukatika, pete baada ya pete, ukialika kama mahindi motoni, na moshi ukapanda hata darini, na ndani ya moshi akasimama jini mwenye ndevu za kijani, akainama kwa adabu.

"Maulana," alisema Barakuni, "mwenye kunimiliki amenikana mbele ya Sultani na Kadhi, na kiapo changu kimekwisha. Lakini kabla sijaenda, sikilizeni yaliyopita mlangoni." Akafumbua kinywa, na iliyotoka haikuwa sauti yake bali ya Mundhiri mwenyewe, kila mtu akaitambua: *Nitakuoa mfungo ukiisha. Subiri, mpenzi wangu. Lulua atabaki. Tutasema ni yatima niliyemwokota.*

Waziri akainuka, akakung'uta joho lake, akaondoka bila ya kuaga, na posa ya binti yake ikaondoka naye.

"Mundhiri," akasema Sultani kwa upole, "umeapa kwamba nyumba si yako, nasi tumekusadiki. Ni ya huyu anayeishi ndani yake, pamoja na vyote vilivyomo."

Mundhiri akaanguka magotini. "Maulana, nisamehe! Nitamwoa! Kadhi yupo, mashahidi wapo, nitamwoa sasa hivi!"

Watu wote wakamgeukia Ruzuna. Naye akangoja moyo wake uruke, kwani ndiyo maneno aliyoyatamani miaka saba. Lakini moyo ulitulia tuli, kama maji ya kisimani.

"Maulana," alisema, "maneno haya niliyangoja hata yakachacha. Mume simtaki. Ninalotaka ni moja: amtaje mwanawe mbele ya watu."

Mundhiri akamtazama yule mtoto, labda kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti iliyokatika, "Huyu ni Lulua, binti wa Mundhiri bin Ghanimu. Ni mwanangu." Kadhi akaandika, na Mundhiri akalia, na kilio kile hakikuwa cha uongo.

Barakuni akamwinamia Ruzuna. "Kuanzia leo birika zako zitapoa, Bibi."

"Nitachemsha mwenyewe, bwana jini. Nenda salama."

Na jini akaondoka kama upepo, vilemba vya watu vikaanguka.

Ruzuna akauza vyombo vya fedha vilivyokuwa katika nyumba ile, akanunua hariri na nyuzi, akafungua karakana ya kudarizi, na mke wa Sultani akawa wa kwanza kumwagizia joho. Na kutoka hapo kazi ilimwendea hata wanawake walewale wa sokoni wakaja kuomba binti zao wafundishwe. Naye aliwafundisha, ingawa mwaka wa kwanza hakuwapa chai.

Na Fundi Hilali ndiye aliyetia mlango mpya, wa mbao za mfenesi, usio na jini. Lakini kila wiki alirudi na kapu lake.

"Bibi, nadhani mlango umevimba kwa mvua."

"Fundi, mwezi wa tatu huu mvua haijanyesha."

Hilali akaitazama randa yake. "Basi nimekosa la kusema."

"Hukukosa," Ruzuna akajibu, na uso wake ukawaka. "Unalo, ila unaliranda tu. Lete wazee wako."

Akaleta wazee, na ndoa ikafungwa adhuhuri, jua likiwa utosini, kwa ngoma na tarumbeta, na mahari yakatajwa kwa sauti, na Sultani mwenyewe akala wali wa harusi. Wakaishi kwa raha na neema, na Mola akawajaalia watoto wengine wawili.

Basi hekaya imetua mzigo wake hapa, enyi mlionipa masikio. Mwenye kupenda na asipende kwa kujificha, na mwenye kuahidiwa aulize: nani mwingine amesikia? Kwani ahadi isiyostahimili masikio ya watu haitastahimili miaka. Na aliyewahi kukaa gizani kwa ajili ya mtu asidhani kwamba jua limemsahau, maana jua halina kinyongo, humwangazia kila atokaye nje.