Amri ya Kutonusa Fenesi

Tajiri Machano alimshtaki jirani yake, Bi Mwatima, akidai mfenesi wa bibi huyo ni wake. Mwatima akamwomba hakimu kitu kimoja tu: mpaka kesi iishe, Machano asile fenesi la mti ule, wala asilinuse. Hakimu akacheka, akaamuru.

Mafenesi yakaiva. Machano akawa anatembea na pamba puani, watoto wakimzomea. Akarudi mahakamani anatweta.

"Nakata rufaa!"

"Amri ndogo haikatiwi rufaa kabla kesi haijaisha," akasema hakimu.

"Na mashahidi wangu bado wengi," Mwatima akapiga mwayo. "Labda aliyeifungua kesi aifute."

"Naifuta! Sasa hivi! Haya, rufaa yangu!"

"Rufaa ya nini tena, jirani?" Mwatima akafungua upindo wa kanga, akamtolea kipande cha fenesi. "Kesi imekufa na amri yake. Nusa mpaka uchoke. Mti wangu huo."