Jumba la Samaki la Sultani Badiri

Palikuwa na sultani katika mji wa Mvulini, jina lake Badiri, aliyetaka samaki wamtii. Si watu, watu walikwisha kumtii mpaka migongo ikawauma. Samaki! Na msinicheke mimi, mchekeni yeye. Mimi nasimulia tu, na hakuna anayeisimulia hii vizuri kuliko mimi, hata yule aliyenisimulia.

Chanzo chake ni vyungu. Karibu na ufuo alikaa mfinyanzi, Bi Mashavu, mjane mwenye ulimi uliotiwa makali pande zote mbili. Vyungu vikichomwa, vingine hupasuka. Wafinyanzi wenzake walivitupa jalalani. Yeye alivibeba kichwani, akaingia navyo kwenye maji ya kiunoni, akavipanga mafungu mafungu, akavibana kwa mawe na matawi ya mikoko ili mawimbi yasivichukue. Haikupita miezi mingi, chini pakawa mji. Changu wakahamia, tasi wakazaa, pweza akajitwalia mtungi mzima peke yake kama tajiri aliyefukuza ndugu. Wanawake wa ufuoni, ambao zamani walikula wali kwa chumvi, sasa walishuka na madema yao ya kutegea, wakapanda na kitoweo, huku wakiimba.

Harufu ya mchuzi ikafika kwa Sultani. Akauliza, akaambiwa.

"Samaki wanakaa kwenye vigae, na mimi nipo?"

Akaamuru lijengwe jumba la samaki. Mafundi wakangoja maji yapwe, wakapandisha kuta za mawe, wakazipaka chokaa mbichi, nyeupe pe. Wakatia mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba. Wakatia na kufuli. Ndiyo, kufuli! Askari wawili wakawekwa mlangoni, maji kifuani, mmoja akipuliza baragumu kuwakaribisha wageni. Sasa niambieni, samaki gani ataingia hapo? Chokaa iliyageuza maji yakawa kama tui, samaki wakapita mbali wakikohoa. Aliyeingia ni kaa mmoja tu, naye alitoka mbio kuliko alivyoingia.

Sultani akafura. Bi Mashavu akaitwa barazani, na wanawake wa ufuoni wakamfuata nyuma.

"We mwanamke, umewaroga samaki wangu!"

"Maulana, ningejua kuroga ningeanza na marehemu mume wangu."

Watu wakacheka ndani ya vilemba vyao.

"Kimya! Sikiliza. Ijumaa, maji yakipwa, nataka samaki wote wawe wamehamia jumbani kwangu. Wasipohamia, nitavivunja vyungu vyako vyote."

"Vimekwisha kuvunjika, Maulana. Ndiyo maana viko baharini."

"Basi nitavisaga viwe unga!"

Bi Mashavu aligeuka akawatazama wenzake na vikapu vyao. Unga wa vigae haulaliwi na samaki, na wali kwa chumvi wanawake wale walikwisha kuula vya kutosha. Akapiga goti.

"Amri ya Sultani ni amri. Watahamia. Ila pana mila imesahauliwa."

"Mila gani?"

"Jumba lile ni jipya. Tangu lini mgeni akaingia nyumba mpya kabla mwenyewe hajalala humo?"

Wazee wa baraza wakaitikia kwa vichwa. Mila ni mila. Kwanza mwenyewe, aingie kwa mguu wa kulia, udi ufukizwe, alale. Ndipo waje wageni.

"Udi hauwaki majini," akasema Waziri Shebwana, aliyependa kuonekana ana akili.

"Udi tutausamehe, Waziri. Kulala hatusamehe."

"Nitampeleka Waziri akalale," akasema Sultani.

Shebwana akashika tumbo. "Maulana, tangu jana tumbo linaniendesha..."

"Usiwaharibie samaki maji yao!" akadakia Bi Mashavu. "Halafu, Maulana, akilala Waziri, samaki watajua jumba ni la Waziri. Asubuhi watamwamkia yeye."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari.

"Haendi," akasema Sultani.

"Basi ni wewe mwenyewe, Maulana. Usiku mmoja tu. Mkeka nitakutandikia mimi, na nitakuwekea jiwe kifuani usielee."

"Unataka nife?"

"Mimi? Nataka samaki wahamie. Tasi wote wale wanakungoja wewe tu."

"Nitavutaje pumzi?"

"Amrisha."

"Niamrishe nini?"

"Maji yakupishe. Si maji yako?"

"Maji hayasikii, we mwanamke!"

"Basi iamrishe pumzi ikungoje nje pamoja na viatu."

Hapo hata askari wa mlango wa baraza akacheka, akajifanya anapiga chafya. Sultani akaruka kutoka kitini, kilemba kikamwangukia jicho moja.

"Mpumbavu mkubwa! Mimi nikizama kule ni mtu kama mtu yeyote! Kule chini hakuna kiti, hakuna askari, hakuna anayenijua! Kule chini sina amri hata juu ya dagaa!"

Bi Mashavu akainuka taratibu, akakung'uta vumbi magotini, akaikaza shuka yake.

"Vyungu vyangu viko kule chini, Maulana. Unavisaga kwa amri ya nani?"