Kiinua Mgongo cha Bi Kindi

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo nyati walivaa tai na kindi walikaripiwa kwa kuchelewa kazini, Bwana Nyati alikuwa na kiwanda cha siagi ya karanga.

Kazi ya kumenya karanga ilikuwa ya Bi Kindi. Ka-ka-ka! Asubuhi mpaka jioni, miaka tisa. Akimaliza kumenya, anabandika lebo kwenye chupa. Mgongo ulimpinda mpaka akawa anauona mkia wake bila kugeuka!

Siku moja Nyati akanunua mashine. Grrr-ta-ta-ta! Akamwita Bi Kindi ofisini, akamsukumia karatasi na kidau cha wino.

"Mashine imefika. Weka alama ya mguu hapa, uende zako."

Bi Kindi akahesabu siku. Masika yalikuwa yamekaribia, na nyumbani alikuwa na watoto wanne na ghala tupu.

"Na kiinua mgongo changu, bosi? Sheria ya msitu inasema gunia moja kwa kila mwaka, na notisi ya mwezi mzima."

"Kiinua mgongo cha nini? Kalale chali, utanyooka wenyewe!" Nyati akacheka, hoo-hoo-hoo, mpaka chupa zikagongana.

"Basi niende na karatasi nyumbani nikaisome kwanza."

"Wewe usome? Weka alama sasa hivi, la sivyo unatoka mikono mitupu!"

"Na nikiweka, napata nini?"

"Unapata... unapata ruhusa ya kutoka!"

Masikini Nyati, alisahau zile lebo. Miaka tisa ya kubandika herufi, nani asingejua kusoma? Bi Kindi akapitisha jicho harakaharaka: *Mimi niliyeweka alama hapa chini nimeacha kiwanda hiki kwa hiari yangu. Sidai kitu. Kuanzia sasa nisionekane ndani ya geti.*

Jina halikuwemo. Nyati alikuwa amechapisha rundo zima la karatasi kama hiyo, ziwatoshe na wengine watakaofuata.

Bi Kindi alishikwa na hasira, halafu akashikwa na kicheko. Vyote akavificha nyuma ya mkia.

"Haya, bosi. Ila mimi mshamba, sijawahi kuweka alama. Mguu wa mbele au wa nyuma?"

"Wa mbele!"

Akachovya wino. Pa! juu ya meza. "Lo, samahani!" Pa! ukutani. Pa! kwenye tai ya Nyati.

"Ala! Tai yangu!"

"Nionyeshe basi, bosi wangu. Mara moja tu."

"Mjinga wewe! Tazama! Hivi!" Puu! Ukwato mzima chini ya karatasi.

Fyuu! Bi Kindi akaidaka kwa meno, akapita dirishani, mpaka kwa Mzee Kobe, mlinzi wa geti. Kobe akavaa miwani. Akasoma. Akautazama ukwato. Akasoma tena, Nyati naye akafika mbio.

"Bwana Nyati," akasema taratibu, "umeacha kiwanda. Kwa hiari yako. Pole na hongera. Toka."

"Kobe! Mimi ndiye mwenye kiwanda!"

"Si wewe uliyenifundisha? Karatasi ikisema toka, ni kutoka. Na hudai kitu, imeandikwa."

Wafanyakazi walicheka mpaka wakagaagaa kwenye maganda. Nyati akabaki nje ya geti, tai ina madoa.

"Bi Kindi, dada yangu, mama yangu, nirudishie hiyo karatasi!"

"Magunia tisa kwanza. Na notisi yangu ya mwezi. Na lile rundo lichanwe lote. Atakayeletewa karatasi nyingine, aende nayo nyumbani akaisome, au asomewe."

"Nimekubali!"

"Umekubali nini? Rudia."

Nyati akarudia neno kwa neno, Kobe akaandika, na safari hii Nyati alisoma mara tatu kabla ya kuweka ukwato.

Mwezi ulipokwisha, Nyati mwenyewe aliyabeba magunia mpaka kwa Bi Kindi, kilima juu, kilima chini. Watoto wanne wakarukaruka juu ya karanga. Bi Kindi akasimama mlangoni, amenyooka wima. Kufika gunia la tisa, Nyati alikuwa amepinda kama ndoano.

"Jamani, Bi Kindi," akahema, "na mimi nani ataniinua mgongo?"

"Andika barua, bosi. Nitaisoma kwanza."

Nanyi mnaocheka hapo, shikeni hili moja: usiweke alama yako chini ya maneno usiyoyasoma.