Povu la Mwanaidi

Hapo zamani za kale, wanangu, asubuhi ya tatu ya masika, Kenge alimaliza kula mayai yote ya bwawani. Nyumba kumi na moja za vyura ziliamka bila kizazi. Hakuna aliyelia. Walikaa kando ya maji wakitazama mahali mayai yalipokuwa jana.

Lilibaki povu moja. Mwanaidi, chura wa mitini, hakutaga majini. Alitundika povu lake kwenye tawi juu ya bwawa, mayai yakiwa ndani. Zilibaki siku tano viluwiluwi vidondoke majini na kujificha chini ya mawe. Kenge aliinua kichwa, akaliona. Akaanza kupanda mti, kwaru, kwaru.

Ndipo Sikitu aliposhuka kutoka kwenye miamba ya maporomoko ya maji. Alikuwa chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, aliyetoka ng'ambo ya mlima, ameolewa na kaka yake Mwanaidi mwezi uliotangulia. Mwanaidi alimwita wifi, na kila siku alimcheka kwamba hajui hata kutengeneza povu.

"Shikamoo, mzee," alisema Sikitu. "Povu hilo halijazi hata jino. Tumbo langu unalionaje?"

Kenge alilitazama. Lilikuwa limejaa, ngozi imekaza. Akauliza mayai yatakuwa tayari lini.

"Siku ya tano, mzee. Kitakachotoka utakikuta mlangoni."

Kule juu Mwanaidi nusura aachie tawi.

"Wifi, unawatoa wanao?"

Sikitu aliendelea kumweleza Kenge kwamba mwanamume haingii chumba cha mzazi wala hachungulii. Kuanzia sasa atasubiri nje, amegeuza mgongo, mpaka aitwe. Kenge alijivunia adabu zake, maana hakuwahi kula bila kunawa. Akakubali, akashuka mtini.

Chumba chenyewe kilikuwa ufa mwembamba kwenye mwamba, nyuma ya maporomoko. Kenge alikaa mlangoni, mgongo kwenye ufa, uso kwenye maji yaliyokuwa yakianguka. Hakuona kingine ila maji, wala hakusikia ila ngurumo yake. Kila asubuhi aliuliza hali ya mzazi, na kila asubuhi aliambiwa bado.

Siku ya tano povu lililainika. Chubwi. Chubwi, chubwi. Viluwiluwi vya Mwanaidi vilidondoka kimoja kimoja, vikazama chini ya mawe. Alivitazama mpaka cha mwisho. Kisha akakimbilia maporomokoni, kwa kuwa sasa alielewa ni wana wa nani waliobaki mbele ya mdomo wa Kenge.

Alipofika, Sikitu alikuwa akiita, "Mzee, geuka."

Kenge aligeuka, mdomo wazi. Hakukuwa na yai hata moja. Katika ufa mlitoka vyura kumi na wawili, wadogo kama punje za mtama, kila mmoja na miguu yake minne. Mmoja alimkanyaga pua. Kenge alifunga mdomo, akaufungua tena, na alipokumbuka kuuma, wote walikwisha kuingia katika nyufa ambazo hata ulimi wake haukupita.

Mwanaidi aliketi palepale. Maisha yake yote hakuwahi kuona chura akizaliwa na miguu.

"Mayai yako wapi?" Kenge aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwetu hatutagi, mzee. Tunazaa," Sikitu alijibu kutoka ndani ya mwamba. "Mimi nilikuonyesha tumbo. Mayai uliyataja wewe."

Mwanaidi alidakia, "Wifi, hata mimi hukuniambia."

"Ulikuwa unacheka, wifi. Hukuuliza."

Kenge alirudi kwenye tawi, akakuta povu limekauka, ndani hamna kitu. Adhuhuri alionekana akishuka bondeni, na masika yale hakurudi tena bwawani.

Funzo lake, wanangu: anayemdharau jirani hamuulizi kitu, kwa hiyo hajui anachongoja mlangoni pa jirani huyo.